Tutembee Juu ya Mstari wa Namba

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Unajua pia kuandika namba. Pengine nyumbani kwako yupo mtoto au mjukuu anayekaribia kuingia darasa la kwanza. Je, unaweza kumfundisha kujumlisha? Ndiyo, unaweza. Huhitaji ubao wala kitabu. Unahitaji uwanja uliofagiwa, kijiti, na muda mfupi kila jioni.

Kwa nini vidole havitoshi

Mtoto huanza kuhesabu kwa vidole vya mikono. Ni vizuri aanze hivyo. Lakini vidole hivyo ni kumi tu. Ukimwuliza 8 + 5, vidole humwishia. Basi hubahatisha. Akikosea huchekwa, na pengine hupigwa. Hapo huanza kuiogopa hesabu. Mtu aliyeiogopa hesabu tangu utoto hupata taabu ukubwani. Hupata taabu dukani, sokoni na penye mizani ya mpunga.

Mstari wa namba haumwishii mtoto. Ukifika mwisho, unauongeza.

Mstari wa namba ni nini?

Mstari wa namba ni mstari ulionyooka, wenye alama zilizopangwa kwa nafasi sawa. Kila alama ina namba yake:

0 — 1 — 2 — 3 — 4 — 5 — 6 — 7 — 8 — 9 — 10

Watu wa Kilosa wameizoea reli. Mataruma ya reli hupangwa kwa nafasi sawa, moja baada ya jingine. Watu wa Mikumi wanaijua barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa. Mtu akitembea kilometa 3, kisha akaongeza kilometa 2, amekwenda kilometa 5. Mstari wa namba ni njia ya namna hiyo, ila tunaichora nyumbani. Mtoto asipelekwe relini wala barabarani kujifunza. Huko kuna hatari.

Fikra hii ni ya zamani. Mwaka 1685 mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, John Wallis, alitoa kitabu. Ndani yake alieleza hesabu kwa mfano wa mtu anayekwenda mbele, kisha anarudi nyuma. Kitabu chake kilikuwa cha watu wazima. Kwa hiyo usione haya kutembea juu ya mstari pamoja na mtoto wako.

Namna ya kuchora

1. Chora mstari mrefu ardhini kwa kijiti.
2. Weka alama ya kwanza. Andika 0. Hapo ndipo pa kuanzia safari.
3. Pima hatua moja ndogo ya mtoto. Weka alama ya pili. Andika 1.
4. Endelea hivyo mpaka 10. Kila nafasi iwe sawa na nyingine. Unaweza kupimia kijiti kilekile.

Mvua ikinyesha, chora kwa mkaa sakafuni. Au funga mafundo kwenye kamba kwa nafasi sawa.

Namna ya kujumlisha

Tujumlishe 3 + 2. Mtoto asimame penye 0. Aende hatua 3. Amefika 3. Sasa aongeze hatua 2. Amefika wapi? Amefika 5. Mwambie aseme kwa sauti: "Tatu kujumlisha mbili ni tano." Kisha wewe andika chini:

3 + 2 = 5

Mwache atembee kwanza, ndipo uandike. Mguu ukishafahamu, jicho litafahamu upesi.

Kosa la kuangalia

Watoto wengi hukosea mahali pamoja. Mtoto amesimama penye 3. Unamwambia aongeze 2. Yeye huigusa 3 na kusema "moja", halafu huigusa 4 na kusema "mbili". Husema jibu ni 4. Hii ni pungufu ya moja.

Sababu ni kwamba amehesabu alama, badala ya kuhesabu hatua. Mahali uliposimama si hatua. Hatua ya kwanza ni ile inayokutoa pale uliposimama. Usimkemee mtoto. Mwambie: "Inua mguu kwanza, ndipo useme moja."

Kosa hili huwapata hata watu wazima. Tuseme mama anauza bidhaa kituo cha mabasi Mikumi. Abiria amenunua ndizi za shilingi 800 na karanga za shilingi 500. Tuseme kila hatua juu ya mstari ni shilingi 100. Kutoka 8 twende hatua 5: tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Anadai shilingi 1,300. Lakini mama akiihesabu 8 kuwa ndiyo hatua ya kwanza, atafika 12. Atadai shilingi 1,200. Basi likiondoka, shilingi 100 yake haitarudi. Wakipita wanunuzi 10 wa namna hiyo, amepoteza shilingi 1,000.

Njia mbili za kurahisisha

Anza na namba kubwa. Ukiulizwa 2 + 7, usisimame penye 2 ukaenda hatua 7. Simama penye 7, uende hatua 2. Utafika 9 palepale. Mwache mtoto ajaribu njia zote mbili, aone mwenyewe kwamba jibu ni moja.

Pumzika penye 10. Ukiulizwa 8 + 5, kwanza nenda hatua 2 ufike 10. Katika zile hatua 5 zimebaki 3. Kutoka 10, nenda hatua 3. Umefika 13. Kumi ni kama kituo kikubwa cha njiani. Mtu akifika hapo hajipotezi tena.

Kutafuta chenji

Mstari huuhuu hufundisha chenji. Mtoto ametumwa dukani na shilingi 1,000. Chumvi ni shilingi 700. Asimame penye 7, ahesabu hatua mpaka 10: moja, mbili, tatu. Chenji ni shilingi 300. Akilihesabu lile alama la 7, atapata hatua 4. Atamdai mwenye duka shilingi 400, na ugomvi utatokea bure. Kosa ni lilelile. Katika kujumlisha humpunja mtu mwenyewe. Katika chenji humfanya amdai mwenzake isivyo haki.

Zoezi

Tembeeni juu ya mstari, kisha andikeni majibu.

1. 4 + 3 =
2. 2 + 9 =
3. 7 + 6 =
4. Shilingi 600 + shilingi 700 =
5. Umetoa shilingi 1,000. Umenunua kitu cha shilingi 600. Chenji ni kiasi gani?

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini alama za mstari lazima ziwe na nafasi sawa?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuhesabu alama na kuhesabu hatua?
3. Ni mambo gani ya shamba au ya biashara ambayo watoto wetu wanaweza kuyajumlisha kila siku?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya kisomo kijacho, chora mstari na umfundishe mtoto mmoja. Ukirudi darasani, waeleze wenzako alipokwama na namna ulivyomsaidia.