Somo la Wafanyakazi: Meya, Steji na Nauli Yetu



Katika darasa letu la Jumapili hapa Nabuyoga, wenzetu wawili nusura washikane mashati kwa ajili ya mtu ambaye hata si kiongozi wetu. Walikuwa wakibishana juu ya Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi. Mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya kiwanda huko Industrial Area, alisema yule bwana aliwatesa wafanyakazi kwa amri yake ya matatu. Wa pili akamjibu: "Wewe ndugu huna shukrani. Yule aliwapa watu maji bure, akawapa gari la wagonjwa, akawapa na gari la maiti. Kiongozi gani mwingine alifanya hivyo?" Wakapandishiana sauti mpaka mzee mmoja akawaambia wakae chini.

Mimi nilikuwa nasikiliza. Niliona kwamba wote wawili walisema kweli, lakini hawakuwa wakijibizana. Mmoja alizungumza habari ya amri, mwenzake alizungumza habari ya tabia ya mtu. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina mizani yake. Ndiyo sababu ya somo hili.

Mtu atauliza, matatu za Nairobi zinatuhusu nini sisi watu wa Tororo na Busia? Zinatuhusu. Manispaa zetu nazo zina mameya na mabaraza. Mahali pa steji, ushuru wa kituo, kona ambayo boda boda aruhusiwe kusimama, mambo hayo hupita mikononi mwao. Na boda boda yenyewe ni mtoto wa mpaka huu wetu. Ilianza miaka ya 1960 kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kati ya forodha ya Uganda na ile ya Kenya, na jina lake likatoka hapo hapo mpakani. Leo liko Afrika Mashariki nzima. Basi tusijifanye wageni katika mambo ya usafiri.

Zaidi ya hayo, nauli ni kipande cha mshahara. Tukikaa mezani na mwajiri miezi minane tukapata nyongeza ndogo, kisha amri moja ya mjini ikaila nyongeza hiyo yote, mkataba wetu umebaki karatasi.

Kwanza tuweke jina sawa. Nairobi haina meya tangu 2013. Katiba ya Kenya ya 2010 ilileta kaunti, na kazi ya meya ikaenda kwa gavana, ingawa watu wengi mitaani bado husema "meya" kwa mazoea. Sonko alichaguliwa Agosti 2017, akamshinda Evans Kidero. Kabla ya siasa alikuwa na matatu zake huko Eastlands, kwa hiyo hatuwezi kusema hakuijua kazi hiyo.

Amri yenyewe ilianza kutumika Jumatatu, tarehe 3 Desemba 2018. Haikuwa mpya. Tangazo lake lilitolewa 2017 wakati wa Kidero, likalala, na Sonko naye akaliahirisha kabla ya kulitekeleza. Ilisema matatu zisiingie tena katikati ya mji. Zishushe abiria pembeni, kama vile Muthurwa na Ngara, na kutoka hapo kila mtu ajitegemee. Shabaha ilikuwa kupunguza msongamano. Aliyewahi kukaa ndani ya matatu saa nzima bila kusogea hatasema kwamba msongamano wa Nairobi ni hadithi.

Lakini asubuhi ile hakukuwa na mabasi ya kuwapokea abiria hapo pembeni. Maelfu ya watu walitembea. Walikuwamo wazee, wajawazito, walemavu wa miguu, na akina mama wenye mizigo ya sokoni kichwani. Magari ya watu binafsi yaliendelea kuingia mjini, tena yalipata nafasi zaidi. Malalamiko yakawa makubwa, na jioni ya Jumatatu hiyo hiyo gavana akaisimamisha amri. Siku moja tu.

Sasa tufanye hesabu, maana maoni bila hesabu ni kelele. Tuseme mfanyakazi anakaa upande mmoja wa mji na kiwanda chake kiko upande wa pili. Gari lake la kwanza linamshusha pembeni. Ama apande gari la pili, ama atembee. Tuseme gari la pili ni shilingi 20 za Kenya kwenda na 20 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,040 kwa mwezi, ambazo mwajiri hakuziongeza na gavana hakuzitoa. Na kama hana, akatembea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwa mwezi ni saa 26. Zigawe kwa zamu ya saa 8. Ni zamu tatu na robo. Mtu huyo amefanya kazi zamu tatu na zaidi bila malipo, na hakuna anayeziandika popote. Akichelewa getini, msimamizi hamuulizi kama ni kosa la gavana. Anamkata.

Kwa hiyo swali la kwanza juu ya amri yoyote ya usafiri ni hili: mzigo umemwangukia nani? Hapa nataka tuutazame mji mwingine ulio mbali, maana unatusaidia kuona. London nako kulikuwa na msongamano. Meya wao, Ken Livingstone, aliweka ada kwa magari yanayoingia katikati ya mji, kuanzia tarehe 17 Februari 2003. Ilikuwa pauni 5 kwa siku. Kabla ya siku hiyo watu wengi walipinga na magazeti yakatabiri balaa. Lakini tazameni tofauti. Aliyelipa alikuwa mwenye gari lake mwenyewe. Mabasi hayakulipa, tena meya aliongeza mabasi kabla ya ada kuanza, na fedha zilizopatikana zikarudi kwenye usafiri. Mwaka 2004 alichaguliwa tena. Nairobi walitaka kuondoa msongamano kwa kumshusha mtu asiye na gari. London walianza na mwenye gari. Shabaha ni moja, bega lililobeba si moja. Najua London ina fedha ambazo sisi hatuna. Lakini kuamua nani aanze kubanwa hakuhitaji utajiri.

Hata hivyo nawaonya wenzangu juu ya maoni ya siku ya kwanza. Siku ya kwanza miguu inauma, na mtu ambaye miguu inamuuma hana subira. Wazee mnakumbuka sheria za John Michuki huko Kenya. Yeye hakuwa meya, alikuwa waziri wa uchukuzi, lakini mfano wake ni mzuri. Alizitangaza Oktoba 2003 na kuzitekeleza tarehe 1 Februari 2004: mikanda katika kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, abiria wasizidi viti, dereva na makanga wavae sare, gari lipakwe mstari wa njano. Siku zile nazo watu walitembea. Magari mengi yalikuwa hayajatimiza masharti, na nauli zikapanda. Michuki alitukanwa. Lakini baadaye abiria wale wale waliokaa kwenye viti vyao bila kukaliwa mapajani wakaanza kumsifu, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kifo chake cha 2012, mtu akipakiwa kama gunia husikika akisema afadhali wakati wa Michuki.

Kwa nini mmoja alisifiwa na mwingine hakusifiwa, na wote waliwatembeza watu? Mimi naona ni kwa sababu maumivu ya Michuki yalikuwa ya wiki chache, na yalimwachia abiria kitu: kiti, mkanda, uhai. Yale ya Desemba 2018 hayakumwachia abiria chochote isipokuwa kiatu kilichochanika. Pia Michuki alitoa miezi kadhaa ya kujiandaa na hakuyumba siku ilipofika. Mkiniuliza kama aliwashauri wafanyakazi, nitasema hapana, naye aliamuru kutoka juu. Hilo ni doa lake.

Sasa tuje kwenye tabia, alikosimama yule ndugu wa pili.

Ni kweli kwamba Sonko alitoa. Kikundi chake cha kusaidia watu kilizunguka na magari yaliyoandikwa jina lake, kikigawa maji na kubeba wagonjwa na maiti bila malipo. Mtu aliyezika mzazi wake kwa msaada huo hatamsahau, na mimi simcheki. Njaa haina darasa. Lakini tuulize: maji ya bomba ni zawadi ya nani? Mfanyakazi amekatwa kodi kwenye mshahara kabla hajaushika, na amelipa kodi tena kwenye sukari na sabuni. Bomba likikauka, kisha lori lenye jina la mkubwa likaja kumwaga maji, yule aliyelipa anageuzwa mwombaji na anaambiwa ashukuru. Zawadi ina ubaya mwingine pia: humfunga mtu mdomo. Siku amri ya matatu inapokuja, yule aliyepewa maji anaona haya kusema. Mwenzetu wa Jumapili hakutaka kabisa kuzungumza habari ya tarehe 3 Desemba. Kila akiulizwa alirudi kwenye gari la maiti.

Mwisho wa utawala wake unajulikana. Tarehe 25 Februari 2020 alitia sahihi kukabidhi baadhi ya kazi za kaunti kwa serikali kuu, usafiri ukiwa mojawapo, na kukaundwa idara mpya iliyoongozwa na mwanajeshi, Mohammed Badi. Tarehe 3 Desemba 2020, miaka miwili kamili tangu ile Jumatatu ya kutembea, madiwani wa kaunti walipiga kura ya kumwondoa kwa tuhuma za kutumia vibaya madaraka na mwenendo mbaya. Yeye alizikana. Seneti ilithibitisha kuondolewa kwake tarehe 17 Desemba 2020, na Mahakama ya Juu ya Kenya haikuugeuza uamuzi huo mwaka 2022. Mimi nakaa zaidi kwenye ile sahihi ya Februari. Abiria alipiga kura 2017 ili awe na mtu wa kumwuliza habari ya steji. Miaka miwili na nusu baadaye aliyekuwa na kazi hiyo hakupigiwa kura na mtu yeyote.

Jambo hili sisi Waganda tunalijua kutoka Kampala. Sheria ya 2010 iliiweka Kampala chini ya serikali kuu, ikamweka mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais, na ikambakizia meya mkuu heshima nyingi na nguvu chache. Erias Lukwago alichaguliwa meya mkuu 2011, na mwaka huo huo Jennifer Musisi akateuliwa mkurugenzi. Chini ya utawala huo mpya UTODA, chama kilichoshika vituo vya taksi kwa miaka mingi, kiliondolewa. Ukawekwa ushuru wa mwezi juu ya kila taksi, na Lukwago akaupinga. Watu wakagawanyika. Wengine walisema Musisi anasafisha mji na Lukwago anapiga kelele tu. Wengine walisema Musisi anasafisha kwa kumfagia maskini. Novemba 2013 madiwani walimpigia Lukwago kura ya kumwondoa, ukazuka mvutano mrefu wa mahakamani, lakini wapiga kura wakamrudisha 2016 na tena 2021. Katika ugomvi wote huo nilisikia watu wakimlaumu meya kwa mashimo ambayo hakuwa na fedha za kuyaziba, na wengine wakimsifu kwa mambo ambayo hakuyafanya. Kabla ya kumsifu au kumlaumu mtu, tutafute sahihi iliyo chini ya karatasi.

Linabaki jambo moja kubwa. Katika ile Jumatatu ya Nairobi wenye matatu walikuwa na vyama vyao, wana ofisi, wana wakili, na simu zao zinapokelewa. Abiria hakuwa na chama. Alikuwa na miguu yake tu, na kwa kweli miguu ilisaidia, amri ikasimama. Lakini ilisimama bila basi jipya, bila steji bora, bila nauli kushuka hata senti. Umati ulisema "hatutaki", na hakuna aliyeketi mezani kusema tunachotaka. Hapo ndipo sisi wenye chama tulipo na nafasi. Kiwanda cha watu mia tatu ni abiria mia tatu.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kila mwanachama anunue daftari dogo. Aandike tarehe, alikopandia, nauli aliyolipa, saa aliyotoka nyumbani na saa aliyofika getini. Akinyeshewa kwa sababu steji haina paa, aandike. Akiombwa kitu kidogo njiani, aandike siku na mahali, asiandike jina la mtu asiyemjua. Wanaokaa shambani kambini waandike safari za sokoni na za hospitali, maana nazo ni safari. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake, na mwakilishi wa idara asimcheke. Baada ya siku 26 tutajumlisha pamoja, tutaandika barua moja, na tutaipeleka kwenye baraza kwa mkono, nakala yetu ikigongwa muhuri siku hiyo hiyo.

Wale ndugu wawili wamekubali kuwa wajumlishaji. Darasa ni Jumapili saa nane mchana, mahali pale pale. Wanaokuja kwa boda boda waandike na nauli ya kurudi.