Somo la Ufundi: Kubadilisha Beringi ya Gurudumu la Mbele

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo husema kabla halijaharibika. Taabu ni kwamba wengi wetu hatusikilizi. Katika somo hili, ndugu msomaji, tutaitazama beringi ya gurudumu la mbele: kazi yake, dalili za kuchakaa kwake, na jinsi ya kuibadilisha nyumbani. Mfano wetu ni Toyota Corolla KE70, ile tuliyoizoea kwa jina la DX.

Beringi ni nini?
Katika Fizikia tunafundishwa kwamba kitu kinachobingirika hupata msuguano mdogo kuliko kinachoburuzwa. Hiyo ndiyo siri ya beringi. Ni pete mbili za chuma kigumu, na kati yake rola ndogo zilizopangwa. Katika DX, rola hizo zina umbo la pia iliyokatwa kichwa. Umbo hilo hubeba uzito wa gari na pia msukumo wa kando gari linapokata kona. Henry Timken na mwenzake walipata hataza yake huko Marekani mwaka wa 1898, wakati wa magari ya farasi. Kila gurudumu la mbele la DX lina beringi mbili: kubwa ndani, ndogo nje.

Dalili
Kwanza, utasikia mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, na mara nyingi hubadilika kwenye kona. Pili, inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, kisha litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, kosa ni la beringi. Ukibaki, tafuta kwingine.
Usipuuze. Beringi iliyokauka grisi hushika moto, rola hukatika, na gurudumu laweza kuchomoka. Hebu fikiria likichomoka kwenye mteremko wa Mai Mahiu, gari limejaa watu!

Kufungua
Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua gari. Ukishainua, weka stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kutegemewa. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
Toa gurudumu. Fungua kalipa ya breki na uitundike kwa waya, isije ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Ng'oa kifuniko cha grisi, nyoosha kotapini na uichomoe, kisha fungua nati. Vuta kitovu, ambacho mafundi wetu hukiita habu. Toa beringi ya nje, halafu oili sili na beringi ya ndani.

Kufunga mpya
Pete za nje zimebanwa ndani ya habu. Zigonge kwa kipande cha shaba, upande huu kisha ule, hadi zitoke. Wengine huziacha pete kuukuu wakaweka rola mpya. Hiyo ni hasara: pete iliyochimbika huzila rola mpya upesi. Osha habu kwa mafuta ya taa, mbali na moto, na uifute ikauke kabisa. Gonga pete mpya polepole ikiwa sawasawa. Ikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika ukawa mzito.
Sasa grisi. Weka fungu lake kiganjani na ubonyeze upande mpana wa beringi humo hadi grisi itokeze upande wa pili. Kupaka juu juu hakutoshi. Weka beringi ya ndani, oili sili mpya, habu, kisha beringi ya nje.

Nati ya mwisho
Hapa ndipo wengi hukosea, maana wamezoea kwamba nati hukazwa kwa nguvu zote. Hii sivyo! Ikikazwa mno, beringi huungua. Ikilegea mno, gurudumu hucheza. Kaza kwa spana huku ukizungusha habu ili rola zikae mahali pake. Kisha legeza, na ukaze tena kidogo tu, hadi habu izunguke kwa wepesi bila kucheza. Tia kotapini mpya, kamwe si ile ya zamani.
Rudisha kalipa na gurudumu, na ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kuondoka. Tembea kilomita chache, usimame, ulinganishe joto la habu mbili za mbele bila kuzishika. Ile mpya ikiwa moto zaidi, nati imekazwa mno.

Tahadhari
Kama ni mara yako ya kwanza, fanya kazi hii ukiwa na fundi. Magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Probox, beringi zake hushindiliwa kwa mashine. Nyundo huziua kabla hazijatembea. Hayo peleka gereji.

Zoezi
1. Kwa nini tunakanyaga breki tunapopima mchezo wa gurudumu?
2. Eleza hatari ya kuacha pete kuukuu.
3. "Nguvu si ufundi." Jadili kwa kurejelea nati ya mwisho.