Macho ya Sungura Wachanga: Hesabu Siku, Usingoje



Somo letu la mwezi huu ni fupi, lakini lina faida kwa kila mtu afugaye sungura katika mashamba yetu ya skimu, hapa Katangi na kwa jirani zetu wa Ikombe na Kithimani. Tutajifunza habari za ugonjwa wa macho unaowapata sungura wachanga wakiwa bado katika sanduku la kuzalia. Ugonjwa huu hauna kelele. Mbuzi akiumwa hulia na ng'ombe akiumwa hukataa malisho, lakini mtoto wa sungura hulala kimya tu kati ya ndugu zake. Katika siku chache anaweza kuwa kipofu, na mwenye shamba asijue.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijakufundisha, yafaa nikiri kosa langu. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Daftari na kalamu ndivyo vyombo vyangu vya kila siku. Hata hivyo jike langu jeupe alipozaa watoto saba mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi, sikuandika tarehe. Nyasi za kumtandikia nilizizoa sakafuni mwa ghala, mahali kuku wanapolala, nazo zilikuwa na vumbi jingi.

Siku zikapita. Nikaona watoto wanne wamefumbua macho, na watatu bado. Nikasema moyoni, "Watoto hawalingani. Hawa wamechelewa kidogo." Nikaenda zangu kazini. Ndipo Jumamosi moja mama mmoja jirani alipokuja kuomba mbegu za kunde, akachungulia katika sanduku.

"Mwalimu," akaniuliza, "hawa wana siku ngapi?"

Sikuweza kujibu. Yule mama akatikisa kichwa. "Mwanangu, mtoto wa sungura akifika wiki mbili na macho yamefumba, usiseme amelala. Huyo ni mgonjwa."

Tuliwasafisha macho siku ile ile. Mmoja alipona kabisa. Wa pili alibaki na chamba cheupe katika jicho moja. Wa tatu macho yote mawili yalikuwa yameharibika. Mnunuzi alipokuja kutafuta sungura wa mbegu aliwachukua watano, akawaacha wale wawili. Fedha zao ndizo nilizokuwa nimeziwekea sare ya shule ya binti yangu. Akaenda shule muhula mzima na sare ya zamani iliyombana. Hasara ile ilitokana na uvivu wa kuandika tarehe moja.

Macho ya sungura hufumbuka lini?

Mtoto wa sungura huzaliwa hana manyoya, na macho yake yamefumba. Hii ni hali yake ya kawaida. Manyoya huanza kuota katika siku za kwanza, na macho hufumbuka alipofika siku ya 10 mpaka ya 12. Shika hesabu hiyo vizuri, maana ndiyo kiini cha somo hili. Ikiwa siku ya 12 imefika na jicho moja au yote mawili bado yamefumba, usiseme mtoto amechelewa. Chukua kwamba ni mgonjwa, umtibu siku hiyo hiyo.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya kope zilizoshikamana usaha hukusanyika na hauna njia ya kutoka. Usaha huo hukandamiza jicho na kulila polepole. Ukiutoa mapema, mara nyingi jicho hupona bila alama. Ukichelewa, hubaki chamba, au jicho lote hufa.

Ugonjwa huu unatoka wapi?

Ugonjwa huletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vilivyo vya kawaida zaidi huitwa stafilokokasi. Vijidudu hivi hukaa juu ya ngozi na katika pua za wanyama, na hata za watu, bila kuleta madhara. Lakini hupata nafasi mtoto anapolala mahali pachafu. Mambo yanayovipa nafasi ni haya:

Kwanza, sanduku lenye mkojo na kinyesi. Mkojo ukikaa hutoa hewa kali inayowasha macho. Ukitia kichwa chako karibu na sanduku na macho yako yakawasha, fikiri juu ya mtoto anayelala humo usiku na mchana.

Pili, vumbi. Sisi watu wa Yatta tunalijua vumbi la kiangazi. Nyasi zilizookotwa chini, nyasi zenye miiba midogo, na unga wa mbao uliosagika sana, vyote hukwaruza macho laini.

Tatu, sanduku ambalo halikuoshwa tangu uzao uliopita.

Nne, mama mgonjwa. Jike mwenye mafua, au mwenye matiti yaliyovimba na kuwa moto, anaweza kuwapa watoto wake ugonjwa.

Dalili za kutazama

Tazama kope za mtoto. Zikiwa zimevimba kama punje ya kunde, au zimeshikamana kwa tongo kavu, au usaha mweupe au wa manjano unatoka pembeni mwa jicho, huo ndio ugonjwa wenyewe. Pengine jicho lilikuwa limekwisha fumbuka, kisha likafumba tena. Hilo nalo ni jicho la ugonjwa. Ukimwona mmoja ameumwa, mtazame kila mtoto katika sanduku hilo, kwa sababu wote wamelala kitanda kimoja.

Namna ya kutibu

Wenzetu wa Matuu wana maji ya Mfereji wa Yatta, uliochimbwa katika miaka ya 1950 kutoka Mto Thika. Wengi wetu huku maji tunayabeba kwa punda. Lakini usiogope, maana kazi hii haihitaji zaidi ya kikombe kimoja cha maji kwa mara moja. Fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Chemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa sana. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Kila siku chemsha mengine mapya.

2. Nawa mikono kwa sabuni na uisuuze vizuri. Mtoe mama kwanza, umpe majani mahali pengine. Kisha sugua mikono yako kwa nyasi za sanduku lake ili ipate harufu anayoijua. Watu wengi husema kwamba jike atawala watoto wakiguswa. Jike aliyezoea mkono wako hatawadhuru, ikiwa utafanya kazi kwa upole na bila kelele.

3. Mfunge mtoto katika kitambaa laini, kichwa tu kibaki nje. Asipate baridi.

4. Chovya pamba safi katika maji yale, uiweke juu ya jicho kwa dakika mbili au tatu. Irudie mpaka tongo lote lilainike. Usiwe na haraka hapa.

5. Tongo likiisha kulainika, zivute kope kwa vidole viwili polepole sana, moja juu na moja chini. Zikikataa, rudia maji. Usitumie nguvu, wala ukucha, wala kijiti.

6. Usaha ukitoka, upanguse kwa pamba mpya. Kila jicho lina pamba yake, na kila mtoto ana pamba yake. Pamba iliyotumika uichome moto.

7. Tia dawa ya macho ya kupaka, kiasi cha punje ya mtama, ndani ya kope ya chini. Dawa iitwayo tetrasaiklini ya macho hutumiwa sana kwa kazi hii, nayo hutumiwa pia kwa macho ya watu. Mwulize kwanza afisa wa mifugo au mwenye duka la dawa za mifugo, umweleze kwamba ni ya sungura mchanga.

8. Rudia kuosha na kupaka dawa mara mbili au tatu kila siku, kwa muda wa siku tano au kama afisa alivyokuagiza. Usiache siku ya pili kwa sababu jicho limefumbuka. Vijidudu vikibaki, usaha hurudi na kope hushikamana tena.

9. Siku ile ya kwanza toa nyasi zote za zamani. Weka nyasi safi, na manyoya ya mama yaliyo makavu na safi uyarudishe juu ya watoto. Kisha mrudishe mama.

Ikiwa baada ya siku mbili hakuna nafuu, au jicho limekuwa jeupe, au mtoto hanyonyi, mwite afisa wa mifugo. Mtoto aliyeshiba ana tumbo la mviringo, na mwenye njaa ana tumbo lililokunjamana. Jike hunyonyesha mara moja tu kwa siku, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa dakika chache. Kwa hiyo usishangae usipomwona akinyonyesha. Tazama matumbo ya watoto asubuhi.

Mambo ya kuepuka

Usitie machoni maziwa, maji ya tumbaku, utomvu wa majani wala sabuni. Vitu hivi huongeza moto katika jicho lililo na kidonda.

Usitumie dawa ya macho yenye jamii ya kotisoni, kama vile haidrokotisoni au deksamethasoni, pasipo kuagizwa na daktari wa mifugo. Jicho likiwa na kidonda, dawa hiyo huweza kulitoboa. Soma karatasi ya dawa, au mpe mtoto wako wa shule akusomee.

Usimpe sungura penisilini wala amoksilini kwa kinywa. Ni dawa njema kwa watu, lakini katika tumbo la sungura huua vijidudu vyema vinavyosaga chakula, naye huharisha na kufa. Wafugaji wengine wamewaua sungura wao kwa vidonge walivyobakiza nyumbani, wakidhani wanawaponya.

Tena usimle wala kumwuza kwa nyama sungura aliyetiwa dawa kabla ya muda ulioandikwa kwenye dawa kwisha.

Kinga ni kuandika tarehe

Sasa chukua kipande cha kadi, ukitundike kwenye tundu la kila jike. Tufanye hesabu pamoja. Jike amepandishwa tarehe 3 Machi. Mimba ya sungura ni kama siku 31, kwa hiyo atazaa karibu na tarehe 3 Aprili. Mwekee sanduku tarehe 30 au 31 Machi, yaani siku tatu au nne kabla. Sanduku hilo liwe limeoshwa kwa sabuni na kukaushwa juani mchana mzima. Jua letu la Katangi halilipiwi, nalo ni dawa. Akizaa tarehe 3 Aprili, andika. Tarehe 13 ni siku ya 10: anza kutazama macho. Tarehe 15 ni siku ya 12: kila jicho ambalo bado limefumba litibiwe.

Nyasi za kutandika uzikate zingali safi, uzikaushe juu ya chanja, si juu ya ardhi. Zikung'ute nje kabla ya kuzitia sandukuni. Weka matundu madogo chini ya sanduku ili mkojo upite. Chungulia kila asubuhi, utoe watoto waliokufa na nyasi zilizolowa. Watoto wakianza kutoka wenyewe, katika wiki ya tatu, sanduku huchafuka upesi. Safisha zaidi, kisha liondoe wakiisha kuzoea kukaa nje.

Tazama pia kizazi. Jike ambaye kila uzao wake una macho mabovu, ingawa umesafisha vizuri, usimpandishe tena. Watoto wengine huzaliwa na kope zilizojikunja ndani, manyoya yakakwaruza jicho. Kasoro hiyo hurithiwa, kwa hiyo usiwaweke kwa mbegu. Na sungura mkubwa anayetoa machozi kila siku, mtazame pua na meno. Pengine ana mafua, au mizizi ya meno imeziba njia ya machozi. Huyo mpeleke kwa afisa wa mifugo.

Jijaribu mwenyewe

Funika somo hili, kisha jibu. Wasomee na watoto wako jioni, maana mara nyingi wao ndio wanaowakatia sungura majani.

1. Jike alizaa tarehe 9 Juni. Ni tarehe gani utakapojua kwamba jicho lililofumba ni gonjwa?
2. Kwa nini hatufungui kope kabla ya kulainisha tongo?
3. Taja dawa mbili za watu ambazo hazifai kinywani mwa sungura.
4. Kwa nini tunaendelea na dawa hata jicho likiisha kufumbuka?

Jibu la kwanza ni tarehe 21 Juni. Mengine yamo katika somo. Kama umeyajibu yote, umekwisha nipita mimi nilivyokuwa Septemba ile. Leo kila tundu langu lina kadi yake, na kalamu imefungwa kwa kamba mlangoni. Nenda ukafanye vivyo hivyo kabla ya jike wako kuzaa tena.

Kaeni na heri.