SOMO LA KAZI ZA MIKONO: KUUNGA VIPANDE VYA KROSHIA KUWA BLANKETI

Miezi ya Juni na Julai usiku wa Handeni una baridi, nayo huwapata zaidi wazee na watoto wachanga. Ndiyo maana akina mama wengi hupenda kufuma vile vipande vya mraba vya kroshia, ambavyo huungwa na kuwa blanketi. Kufuma vipande wengi wetu twajua. Kuviunga ndiko kunakotushinda, na somo hili ni juu ya kuunga.

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Msimu mmoja wa baridi tulikusanya vipande 42 kutoka nyumba mbalimbali, kila mama akileta alivyoweza. Tulikuwa na haraka, tukaviunga kwa alasiri moja, tukampelekea bibi mmoja mgonjwa. Alishukuru sana, nasi tukarudi tumefurahi. Tulipokwenda tena kumtazama, tulikuta blanketi limefumuka katikati tangu lilipofuliwa mara ya kwanza. Bibi hakutuambia neno. Alikuwa amelifunga kwa kamba ya katani, akaendelea kujifunika. Shukrani yake ile ilituaibisha kuliko lawama. Tulilichukua, tukakaa chini kulichunguza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

ASILI YA KAZI HII

Kipande hiki cha mraba si cha jana. Mwaka 1885 gazeti la wakulima huko Marekani, Prairie Farmer, lilikwisha kuchapisha maelezo ya kukifuma. Kilipendwa kwa sababu kilitumia mabaki ya nyuzi yasiyotosha kitu kingine. Katika nchi zetu hizi, kazi za sindano zilifundishwa tangu zamani katika shule za misheni, kama ile ya wasichana ya Mbweni, Unguja, aliyoisimamia Bi Caroline Thackeray tangu mwaka 1877. Basi sisi ni warithi wa kazi ya siku nyingi, na mrithi hana budi kuitunza.

KWANZA: PIMA NA UHESABU

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutopima. Mkono wa mtu mmoja hukaza uzi, wa mwingine hulegeza. Hivyo vipande viwili vyenye hesabu moja vyaweza kupishana upana kwa kidole kizima. Ukivilazimisha kukutana, kilicho kidogo huvutwa mpaka kikachoka.

Kata karatasi ngumu ya boksi yenye sentimita 12 kila upande, na kila mfumaji awe nayo. Kisha hesabu. Kipande cha mizunguko minne kina mafungu manne kila upande, na kila fungu lina nguzo tatu, yaani nguzo 12, bila kuhesabu minyororo ya pembeni. Kisichofikia hesabu hiyo kirudi kwa mwenyewe akifumue. Asione vibaya, kwa maana ni afadhali kufumua leo kuliko blanketi lifumuke kesho.

Vipande vilivyopishana kidogo tu, vilowanishe, uvinyooshe juu ya mkeka kwa pini kwa kufuata kipimo, uviache kivulini mpaka vikauke. Usitumie pasi. Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani si sufu ya kondoo bali zimetengenezwa kiwandani, na pasi ya moto huzilegeza au kuziyeyusha.

PILI: PANGA KABLA YA KUUNGA

Tandaza vipande vyote juu ya mkeka, upange rangi mpaka uridhike. Vipande 42, sita kwa upana na saba kwa urefu, vitakupa blanketi la mtoto lenye sentimita 72 kwa 84. Kwa kitanda cha mtu mzima, vipande 130, yaani kumi kwa kumi na tatu, vitakupa sentimita 120 kwa 156. Kisha kusanya kila safu, uifunge kwa uzi wenye alama, mpangilio usipotee.

TATU: UNGA KWA MISTARI MIREFU

Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu kubwa. Tuliunga kipande kwa kipande, tukikata uzi kila mara. Katika blanketi la vipande 42 kuna kingo 71 za kuunganishwa. Ukikata uzi kila ukingo, utakuwa na ncha 142, na kila ncha ni mlango wa kufumukia. Lakini ukiunga kwa mistari mirefu, kuna mistari 11 tu: mitano ya kushuka na sita ya kukatiza. Hapo ncha ni 22.

Weka vipande viwili uso kwa uso. Ukitazama ukingo kwa juu, utaona kila nguzo ina vitanzi viwili, cha mbele na cha nyuma. Ingiza sindano ya kroshia chini ya vitanzi vyote viwili vya kipande cha kwanza na vyote viwili vya kipande cha pili, vuta uzi, ufume kifundo kifupi. Endelea hivyo nguzo kwa nguzo. Sisi tulishika kitanzi kimoja kimoja ili mshono uwe mwembamba. Vitanzi vile vikavutika, vikaacha matundu. Ukimaliza vipande viwili, usikate uzi. Shika viwili vinavyofuata uendelee mpaka mwisho wa mstari.

Mistari ya kushuka ikiisha, geuza kazi uunge ile ya kukatiza. Penye njia panda, pembe nne zinapokutana, pitisha uzi moja kwa moja juu ya mshono wa kwanza na kuukaza kidogo, pasibaki tundu.

Mshono huu huacha tuta dogo upande wa nyuma. Kwa blanketi la mtoto mchanga ni afadhali kutumia sindano butu ya kushonea, ukizungusha uzi juu ya kingo mbili, mshono utalala. Tena, kwa mtoto mchanga fuma vipande vilivyobanana na ufiche kila uzi, kwa kuwa kidole chake chaweza kunasa katika tundu, au uzi uliolegea ukakizunguka na kuzuia damu.

NNE: FICHA NCHA

Acha uzi wa sentimita 15 kila unapoanza na unapomaliza. Kufunga fundo na kukata karibu hakutoshi, maana fundo hufunguka kwa kufuliwa. Pitisha ncha ndani ya nguzo kwenda upande mmoja, irudishe upande wa pili, kisha ipeleke tena ilikotoka, ndipo ukate. Usisahau ncha za vipande vyenyewe: kipande cha rangi moja kina mbili, kwa hiyo 42 vina 84. Kazi hii haionekani wala haisifiwi na mtu, lakini ndiyo inayoshika blanketi zima.

Mwisho zungushia blanketi lote mstari mmoja wa vifundo vifupi, ukiweka vitatu katika kila pembe ili ligeuke vizuri.

TANO: KUFUA

Fua kwa maji yasiyo ya moto na sabuni kidogo. Usilisokote, likamue kwa kuliminya ndani ya taulo. Usilitundike kambani, kwa sababu likilowa huwa zito, na uzito huo wote huvuta mishono. Litandaze kivulini juu ya mkeka. Ukiona uzi umechomoza, ushone siku ile ile, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Blanketi la yule bibi tulilifumua, tukapima vipande upya, tukaliunga kwa muda wa majuma matatu. Kamba ya katani tumeiweka katika kikapu chetu cha nyuzi, na kila mama mpya akija kujifunza, twamwonyesha hiyo kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kipande cha mwenzetu kikiwa hakifikii kipimo, tumwambieje bila kumvunja moyo?
2. Kwa nini ncha zilizofichwa vizuri zina faida kuliko rangi nzuri?
3. Ni nani katika mtaa wetu aliye na blanketi linalohitaji kushonwa, ambaye hawezi kutuambia?