Mara Tatu Chini ya Pikapu: Mafunzo Niliyopata Nikifunga Difu

Difu ya nyuma ya pikapu yangu niliifungua mara tatu kabla haijanyamaza. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa hesabu mjini Iringa, na ile Toyota Hilux kuukuu ndiyo iliyotusaidia kusomesha watoto. Jumamosi ilibeba matenga ya nyanya kutoka Ilula, siku nyingine ilibeba chochote chenye mwenyewe wa kulipa. Nilijua kubadilisha oili na kufunga breki, nikadhani kwamba anayejua hayo anajua gari.

Wewe unayesoma hapa umeshaamua kuifanya kazi hii kwa mikono yako, nami sitakukatisha tamaa. Nataka tu uingie chini ya gari mara chache kuliko mimi.

1. Sikiliza kabla hujashika spana

Mlio ulianza kama nyuki walio mbali. Baada ya miezi miwili, mke wangu aliyeketi kiti cha pembeni alikuwa anapaza sauti ndipo nimsikie. Jirani yetu mmoja alikuwa amepata mlio kama huo na dawa yake ikawa beringi za magurudumu, basi nami nikanunua beringi za magurudumu, kushoto na kulia. Mlio ukabaki palepale, na fedha ya ada ya muhula ikapungua.

Mlima Kitonga ndio ulionifundisha. Nilishuka kwenda Ruaha Mbuyuni bila mzigo, mguu nje ya mafuta, gari kimya kabisa. Niliporudi na magunia ya vitunguu, nikipanda kona zilezile huku nimekanyaga mafuta, difu ililia kutoka chini hadi juu. Barabara ileile, gari lilelile, kilichobadilika ni upande wa jino unaobeba mzigo. Ukikanyaga mafuta, pinioni (gia ndogo) husukuma krauni (gia kubwa) kwa uso mmoja wa jino, na ukiachia, magurudumu ndiyo yanayosukuma injini, kwa uso wa pili.

Tangu hapo ninasikiliza hivi. Mlio unaobadilika ukikanyaga na ukiachia hutoka kwenye krauni na pinioni, au beringi za pinioni. Mlio usiojali mafuta lakini unaoongezeka ukiyumbisha usukani kulia au kushoto ni wa gurudumu. Unaogonga kwenye kona tu ni wa zile gia ndogo za ndani, zinazoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Tafuta mlima, sikiliza kwenda na kurudi, uandike ulichosikia kabla ya kutoa hata shilingi mfukoni.

2. Pinioni na krauni havitenganishwi

Uzuri wa difu hii ni kwamba kichwa chake chote hutoka kwa mbele. Unamwaga oili, unafungua mabomba ya breki, unavuta shafti za magurudumu, unatoa propela shafti, kisha nati za kuzunguka bakuli la difu, na kitu kizima kinakuja mezani. Nilipokiweka mezani nikaona meno ya pinioni yamebanduka ngozi upande mmoja. Krauni ilikuwa inang'aa kama mpya. Hesabu ikaniambia nibadilishe kilichoharibika tu. Nikatafuta pinioni iliyotumika, nikahesabu meno, nikakuta 10 kama yangu, nikalipa, nikafunga.

Gari likalia kuliko mwanzo. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa Kihesa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Gari lako limeanza kunisalimia kabla yako."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Darasani kwako, mtoto akiandika swali lake halafu akamalizia na jibu la mwenzake, unampa alama?"

Akasafisha krauni yangu kwa mafuta ya taa na kunionyesha namba iliyochongwa pembeni, kisha namba kwenye kichwa cha pinioni yangu ya zamani. Zilifanana. Kiwandani vitu hivi viwili husagwa pamoja mpaka meno yazoeane, halafu hupewa namba moja na kuuzwa pamoja. Ile pinioni niliyoinunua ilikuwa imezoeana na krauni nyingine ambayo sikuwahi kuiona.

Kilichonishangaza ni hesabu iliyokuwa imejificha humo miaka yote bila mimi kuiona. Krauni ina meno 41 na pinioni 10, hivyo pinioni huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Namba 41 na 10 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Kwa hiyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni, kwa zamu, na uchakavu husambaa sawa. Mhandisi aliyezichagua alijua kwa nini. Nilikuwa nafundisha vigawo kila mwaka Kidato cha Kwanza, na siku hiyo nilihisi nimevielewa upya.

Nunua krauni na pinioni kwa pamoja, zenye namba moja. Na kama gari lako linavuta magurudumu yote manne, hesabu meno kabla ya kulipa, kwa sababu uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na ule wa mbele. Muuzaji mmoja alitaka kunipa seti ya 41 kwa 9. Kwa macho tu zilifanana kabisa na zangu.

3. Alama kabla ya kufungua

Hili ni fupi. Vile vifuniko viwili vinavyoshika beringi za pembeni mwa krauni si vya kubadilishana, kwa sababu vilichongwa vikiwa vimefungwa mahali pake. Gonga nukta moja kwa panchi upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, juu ya kifuniko na juu ya kichwa cha difu, kabla hujagusa bolti. Na chini ya gari weka stendi imara, si jeki peke yake. Nimewahi kuona jeki ikiteremka polepole usiku kucha bila mtu kuigusa.

4. Nati ya pinioni haijui kurudi nyuma

Mara ya pili nilikuwa na seti mpya, na beringi mpya. Krauni niliichemsha kwenye sufuria kuukuu aliyonipa mke wangu, kwa sababu chuma kikipata joto la maji yanayochemka hutanuka kidogo na kukaa mahali pake bila kupigwa nyundo. Nilisimama pale jikoni najiona fundi kamili.

Kati ya beringi mbili za pinioni kuna kibomba kifupi cha chuma laini. Kazi yake ni kupondwa. Unapokaza nati, kinajikunja kidogo kidogo na kuziacha beringi zikiwa na mkazo unaotakiwa. Kwa difu yangu, kitabu cha gari kilitaka kuanza na newton-meta 108 na kutovuka 235. Nilikaza kwa bomba refu, nikisubiri ule ulegevu uishe. Ulikwisha ghafla, kisha pinioni ikawa nzito kuzunguka. Nikalegeza nati robo mzunguko, ikazunguka vizuri, nikafurahi.

Wiki mbili baadaye flenji ya pinioni ilikuwa inacheza mkononi na oili sili inavuja. Kibomba kilichopondwa hakirudi kimo chake. Ukilegeza nati, hakuna tena kitu cha kuzibana beringi, na pinioni inatembea mbele na nyuma kila unapokanyaga na kuachia. Ukipitiliza, toa kila kitu, weka kibomba kipya, uanze upya. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na seti ya gia, nami niliona uvivu kwenda kukinunua.

Kupima mkazo huo hakuhitaji chombo cha ajabu. Mara ya tatu nilirudi kwa mzee, naye alifunga kamba kwenye tundu la bolti la flenji, sentimita 5 kutoka katikati, akavuta kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Beringi mpya zilitakiwa kuanza kuzunguka kwa kati ya kilo-sentimita 19 na 26. Gawanya kwa 5, unapata karibu kilo 4 hadi 5 kwenye mizani. Beringi zilizotumika ni karibu nusu ya hapo. Unakaza kidogo, unazungusha pinioni, unavuta kamba, unakaza tena. Kipimo hiki hufanywa kabla ya krauni na oili sili kuingia, maana vyote viwili huongeza uzito.

5. Iamini rangi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo mara ya pili nilipoparuka kabisa kwa sababu soko lilikuwa kesho yake.

Kwanza ni mchezo kati ya meno. Unaishika pinioni isitembee, unatingisha krauni, na geji ya mshale inakuonyesha imecheza kiasi gani. Yangu ilitakiwa iwe milimita 0.13 hadi 0.18, karibu unene wa nywele mbili. Pembeni mwa krauni kuna pete mbili zenye nyuzi. Ukilegeza moja tundu moja na kukaza ya pili tundu moja, krauni inasogea. Pima mahali panne kuzunguka krauni, kwa sababu mahali pamoja palipo safi panaweza kuficha palipopinda.

Kisha rangi. Tulichanganya rangi ya njano ya mafuta, ya wachoraji, na tone la oili, tukapaka meno machache ya krauni. Mzee aliibana krauni kwa kipande cha mbao ili iwe na mzigo, nami nikazungusha pinioni mbele na nyuma. Bila mzigo huo alama hutoka hafifu, na hafifu hudanganya.

Alama yangu ya kwanza ilikaa juu, karibu na ncha ya jino, imesogea upande wa nje wa krauni. Nilisema inatosha. Mzee hakubishana nami, alikaa tu kwenye ndoo na kusubiri. Alama ya namna hiyo maana yake pinioni iko mbali, na washa ya nyuma ya kichwa chake inatakiwa iwe nene zaidi. Tukaongeza. Alama ikateremka hadi kwenye shina la jino na kusogea ndani, maana yake pinioni imeingia mno. Tukapunguza. Alama ya tatu ilikaa katikati, yenye umbo la yai, pande zote mbili za jino.

Sikutegemea kwamba tofauti ya sehemu kumi za mia za milimita ingehamisha alama waziwazi namna ile. Miaka yote nilikuwa nadhani chuma kinataka nguvu.

Kubadilisha washa kunataka kutoa beringi iliyobanwa kwa nguvu, na ukiitoa mara tatu unaiharibu. Mzee alikuwa na beringi kuukuu ya saizi ileile aliyoisugua ndani mpaka ikawa inaingia na kutoka kwa mkono. Tulijaribia kwa hiyo, na ile mpya ikaingia mara moja, mwishoni. Tengeneza ya kwako kabla hujaanza, na hakikisha kimo chake ni sawa na cha mpya.

6. Siku za kwanza

Pinioni hii haikai usawa wa katikati ya krauni, inakaa chini yake, kwa hiyo meno husuguana kwa kuteleza huku yakisukumana. Ndiyo maana difu hutaka oili ya GL-5. Yangu inachukua lita 2 na kidogo. Siku ya kwanza endesha dakika 15 bila mzigo, simama, acha bakuli lipoe, na rudia hivyo mara kadhaa. Nyanya zisubiri.

Zikifika kilomita 500, mwaga oili kwenye beseni jeupe na uimulike kwa tochi. Ukikuta tope laini la kijivu linalopotea ukilisugua kati ya vidole, jaza oili mpya. Ukikuta kipande unachoweza kukiokota kwa kucha, weka stendi, rudi chini ya gari.