Ushuhuda Ambao Haujafika kwa Haleluya

SOMO LA WIKI HII
Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1–18
Soma pia: Ayubu 2:11–13, 2 Samweli 13:20–29, Zaburi 88, Yohana 20:24–29
Lengo la somo: Kujifunza kumsikiliza na kumhudumia mtu aliyeokoka kwenye mapigano, lakini moyo wake bado una jeraha.

 

Sisi ni watu wa ushuhuda. Kila Jumapili mtu anapewa kipaza sauti, anaanza na shida, anamaliza na ushindi, na kanisa zima linaitikia haleluya. Ni jambo jema, tusiliache. Lakini hebu tujiulize: yule ambaye ushuhuda wake haujafika kwenye ushindi, tumemwekea nafasi gani? Alitoka na uhai wake, ndiyo. Lakini usiku bado anakimbia.

Watu hao tunao hapa hapa. Tunakaa nao benchi moja.

YALIYOTOKEA JIRANI YETU

Ukitoka Malindi ukapita Gongoni na Marereni kuelekea Garsen, unaingia Tana Delta. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri. Waliouawa walizidi 50, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi wa Septemba ikawa Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako hata maafisa wa polisi waliuawa. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Januari 2013 moto ulikuwa bado unawaka vijijini. Waliokufa kwa jumla walizidi 100, nyumba zikateketezwa, maelfu wakahama. Wengine walikimbilia Witu, wengine wakaja huku Malindi.

Chanzo kilikuwa cha siku nyingi: mkulima anataka shamba lake kando ya mto, mfugaji anataka malka, yaani njia ya kupeleka ng'ombe majini. Ukame ukija, wote wawili wanautazama mto mmoja. Juu ya hapo uchaguzi wa 2013 ulikuwa unakaribia, pamoja na viti vipya vya kaunti. Haikuwa vita vya dini. Wapokomo wapo Wakristo na wapo Waislamu. Na tuliseme wazi: Wapokomo walizika, na Waorma walizika.

Wengine katika Pwani yetu wana kumbukumbu nyingine. Kuna waliokuwa Likoni Agosti 1997, kituo cha polisi kiliposhambuliwa na maelfu wakafukuzwa makwao. Kuna waliokuwa bara baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kuna waliokuwa Mpeketoni Juni 2014, usiku ambao wanaume walitolewa majumbani. Miaka imepita, lakini miaka kupita si dawa peke yake.

1. JERAHA HILI LINA JINA

Wataalamu wanaliita kiwewe. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza rasmi katika orodha yao ya magonjwa, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa na miili mizima lakini hawalali.

Mungu ameweka ndani ya kila mtu mlinzi wa hatari. Ukiona nyoka, moyo unadunda na miguu inakimbia kabla hujafikiri. Hatari ikipita, mlinzi anatulia. Lakini kwa mtu aliyeona mauaji, mlinzi anaweza kukataa kutoka zamu. Paka akipita juu ya makuti, anapiga filimbi. Jirani akichoma takataka, ule moshi unamrudisha mtu kijijini kwake siku ile. Pikipiki ikilia ghafla usiku, anajikuta chini ya kitanda.

Dalili nyingine ni ndoto mbaya zinazojirudia, kukwepa njia fulani au habari fulani, hasira za ghafla, na moyo kufa ganzi hata hapendi kucheza na wanawe. Mtoto anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, au akawa anacheza mchezo wa kuchoma nyumba kila siku.

Wengi hupata nafuu polepole wakiwa na usalama na watu wa kuwategemeza. Wengine hawapati. Huo si udhaifu wa imani.

2. ELIYA ALILALA, AKALA, NDIPO AKAULIZWA

Fungua 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli sasa anakimbia kwa sababu ameahidiwa kifo. Anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Hapo kumbuka, ni mtu wa upako mkubwa.

Angalia Mungu alianzia wapi. Malaika hakumwambia afunge siku tatu. Hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha, akamlisha mara ya pili. Swali lilikuja baadaye sana, Horebu, baada ya safari ya siku 40.

Sasa linganisha mstari wa 10 na mstari wa 14. Mungu anauliza swali lile lile mara mbili, na Eliya anajibu kwa maneno yale yale. Katikati kumepita upepo, tetemeko, moto, na sauti ya utulivu, lakini habari yake ni ile ile. Mwenye kiwewe ndivyo alivyo. Atakusimulia leo, na kesho atakusimulia tena. Wewe unasema moyoni, "Huyu mama hii si alishaniambia?" Mungu hakumwambia Eliya hivyo. Alimsikiliza mara zote mbili, ndipo akampa kazi na mwenzake, Elisha.

3. MARAFIKI WA AYUBU WALIKOSEA SIKU YA NANE

Huku kwetu tunajua kukaa matanga. Unakwenda, unaketi mkekani, husemi sana. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo siku saba mchana na usiku, na hapo walikuwa wahudumu wazuri. Walipofungua kinywa kueleza kwa nini Ayubu amepatwa, ndipo walipoharibu.

Na sisi tunayo maneno yetu ya siku ya nane. "Mungu alikuwa na kusudi." "Wewe ushukuru umepona, wenzako wako wapi?" "Hayo ni ya zamani, songa mbele." Tena kuna hili zito: "Hiyo ni pepo ya mauti, njoo tuikemee."

Tunaamini maombi ya kufunguliwa, hatuyakatai. Lakini si kila ndoto mbaya ni jini. Ukimwombea mtu leo, ndoto ikarudi kesho, ukamwambia imani yake ni ndogo, umemwongezea mzigo wa pili. Atanyamaza, na sisi tutadhani amepona.

4. USHUHUDA NI MALI YA ALIYEUPITIA

Hapa ndipo kanisa linaweza kuumiza likidhani linasaidia. Mgeni kutoka Tana Delta anafika, na wiki ya pili tunamwita mbele: "Njoo utuambie Bwana alivyokutoa!" Watu wanalia, wengine wanainua simu wanarekodi. Ibada inaisha, sisi tunaenda kula wali. Yeye anarudi chumbani kwake na picha zote zimefunguka, na hakuna wa kukaa naye.

Shirika la Afya Duniani halishauri kumtaka mtu aliyetoka kwenye tukio la kutisha asimulie yote kwa kikao kimoja ili ati atoe sumu. Haimsaidii, na wengine inawazidishia. Mtu husimulia anapokuwa salama, kwa kiasi chake, kwa mtu aliyemchagua.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi. Tume iliandaa pia vikao vya wanawake peke yao, kwa sababu kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya wanaume wa kijiji. Ikiwa tume ya serikali iliona umuhimu wa faragha, kanisa nalo lione.

Kwa hiyo: omba ruhusa faraghani, kabla ya ibada. Akisema hapana, iishie hapo. Akisema ndiyo, achague mwenyewe aseme nini na aache nini. Simu zikae mfukoni. Na awepo mtu wa kukaa naye baadaye.

5. KUNYAMAZISHWA NAKO HAKUPONYI

Mtu asielewe vibaya akasema, "Basi tusiongee kabisa." Soma 2 Samweli 13. Tamari alipotendewa uovu, kaka yake Absalomu alimwambia anyamaze. Baba yao Daudi alikasirika lakini hakufanya kitu. Nyumba ikakaa kimya miaka miwili, kisha damu ikamwagika kwenye karamu. Kimya kile kilikuwa kinalea kisasi.

Tana Delta yenyewe ilikuwa imepigana vibaya mwaka 2001. Watoto wa wakati ule walikuwa vijana mwaka 2012. Jeraha lisilohudumiwa hurithiwa.

Lakini pia ulimi uchungwe. Ushuhuda ukitaja kabila kama adui, hao "watu wale", unaweza kuwasha upya. Taja tendo, taja uchungu, usihukumu kabila. Yule mama anayeuza maziwa sokoni huenda naye alimzika mtoto mwaka ule ule.

Na msamaha? Ni amri ya Bwana, hatuipunguzi. Lakini kusamehe si kusahau, wala si kukataa haki ifuatwe, wala si jambo la kulazimishwa kwa kunyoosha mkono madhabahuni. Msamaha unaodaiwa na mtu ambaye hakufiwa ni rahisi sana kwake.

6. MAKOVU HAYAKUFUTWA

Zaburi 88 haina mwisho wa shangwe. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, na bado iko ndani ya Biblia. Maana yake hata kilio kisicho na haleluya ni maombi, na Mungu amekikubali kiandikwe.

Na Bwana wetu mwenyewe, alipofufuka, mwili wa utukufu ulibaki na alama za misumari. Tomaso alionyeshwa makovu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameponywa na bado ana kovu. Anaweza kunena kwa lugha asubuhi na kushtuka usiku. Ni mwana wa Mungu asubuhi, ni mwana wa Mungu usiku.

TUFANYE NINI BASI?

Huduma ya kwanza ya moyo ina hatua tatu, na kila mshirika anaziweza: tazama, sikiliza, unganisha.

Tazama: Je, yuko salama? Amekula? Ana pa kulala? Anza na mkate wa Eliya.

Sikiliza: Usichimbe. Usimkatize kwa andiko. Sema tu, "Pole sana, niko hapa." Alichokuambia kisiende kwenye kikundi cha WhatsApp, hata kwa jina la ombi.

Unganisha: Mpeleke kwa ndugu zake, kwa mchungaji, kwa mtaalamu. Dalili zikizidi mwezi mmoja, akashindwa kufanya kazi au kulala, au akaanza pombe, mwende pamoja hospitali ya Malindi au ya Kilifi, muulizie huduma ya afya ya akili. Kenya Red Cross ina namba ya bure ya ushauri nasaha, 1199. Akitamka kwamba heri afe, usimwache peke yake, na usingoje Jumapili.

Akipewa dawa, mwombee na umkumbushe kuzimeza. Sisi wa Malindi tuliona Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, baada ya watu kufundishwa kukataa hospitali na shule na chakula. Hatuna udhuru wa kumwambia mtu kwamba daktari ni adui wa imani.

Angalia pia tarehe. Rwanda, kila Aprili wanapokumbuka mauaji ya 1994, huwaweka washauri karibu, kwa sababu majeraha mengi hufunguka siku hizo. Kwa familia ya Riketa ni Agosti. Kwa familia ya Kipao ni karibu na Krismasi, wakati sisi tunashona nguo mpya. Mtembelee wiki hiyo. Hata ukienda na mihogo tu, umekwenda.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumuuliza swali?
2. Ni maneno gani ya "siku ya nane" tunayoyatumia hapa kwetu? Tuseme nini badala yake?
3. Mtu wa kikundi chetu akikataa kutoa ushuhuda, tutamchukuliaje?
4. Je, kuna jirani wa kabila lingine ambaye pia alifiwa? Tunaweza kumfikia vipi bila kumhubiria kwanza?

(Kiongozi: usimtake mtu yeyote asimulie yaliyompata ili kujibu maswali haya.)

OMBI

Baba, wewe ulimwona Eliya chini ya mti na hukumwaibisha. Waone wapendwa wetu ambao usiku kwao ni mrefu. Tupe masikio ya kusikia mara ya pili na ya tatu. Chunga midomo yetu tusiongeze jeraha. Waponye wa ng'ambo hii ya mto na wa ng'ambo ile. Katika jina la Yesu, Amina.