SOMO LA 14: KUSAWAZISHA FAILI ZA KOMPYUTA MBILI

Umekwisha kujifunza kwamba kompyuta huhifadhi maandishi, picha na hesabu katika faili. Faili zinazohusiana huwekwa pamoja katika folda, kama madaftari yawekwavyo katika mkoba. Leo tutajifunza jinsi kompyuta mbili za nyumba moja zinavyoweza kuwa na faili zilizo sawa.

Kuunganisha kompyuta

Kompyuta mbili haziwezi kupeana habari bila njia ya kupitishia habari hizo. Njia hiyo yaweza kuwa waya, au mawimbi ya redio ya chombo kiitwacho rauta. Kompyuta zilizounganishwa hivyo hufanya mtandao. Kila moja hupewa anwani ya tarakimu, kwa mfano 192.168.1.2, ili habari zifike mahali panapotakiwa. Mtandao wa nyumbani waweza kufanya kazi hata intaneti isipopatikana.

Kushirikiana na kusawazisha

Katika kushirikiana, faili hukaa katika kompyuta moja tu. Kompyuta ya pili huifungua kwa kupitia mtandao. Ile ya kwanza ikizimwa, faili haipatikani.

Katika kusawazisha, kila kompyuta ina nakala yake. Programu hulinganisha nakala hizo, hutazama ipi iliyobadilishwa mwisho, kisha huipeleka upande wa pili. Programu nyingi hutegemea saa za kompyuta. Saa moja ikichelewa, nakala mpya yaweza kudhaniwa kuwa ya zamani, ikafutwa.

Mfano: kilo za kahawa

Tuseme familia moja ya Bukoba ina kibanja huko Kamachumu, wilayani Muleba. Wachumaji wa kahawa hulipwa kwa kilo, na hesabu huandikwa katika faili moja iliyo katika kompyuta mbili. Faili hiyo ina kilo 60 na kilo 45.

Saa 2 usiku mama anaongeza kilo 30 katika kompyuta ya kwanza. Saa 3 usiku kaka anaongeza kilo 25 katika kompyuta ya pili. Kompyuta hazijasawazishwa bado. Programu ikichagua nakala ya mwisho tu, jumla itakuwa kilo 130, ingawa jumla ya kweli ni kilo 160. Mchumaji wa kilo 30 atakosa malipo yake!

Hali hii huitwa mgongano. Programu nzuri haifuti upande wowote. Huhifadhi nakala zote mbili, na mtu mwenyewe huamua.

Jaribio

Vifaa: madaftari mawili na kalamu mbili.

1. Wewe na mwenzako andikeni orodha moja ya matunda matano, kila mmoja katika daftari lake.
2. Bila kuonyeshana, kila mmoja aongeze tunda moja na kukata jingine kwa kulifuta kabisa.
3. Mpeni mwanafunzi wa tatu, ambaye hakuiona orodha ya kwanza, madaftari yote mawili ayasawazishe.

Mnaona nini? Tunda lililo katika daftari moja tu laweza kuwa limeongezwa hapa, au limefutwa kule. Mwanafunzi wa tatu hawezi kujua. Ndiyo sababu programu ya kusawazisha hutunza kumbukumbu ya hali ya faili zilivyokuwa mara ya mwisho.

Tahadhari

Kusawazisha si sawa na kuweka akiba. Ukifuta faili katika kompyuta moja, programu huifuta na katika ya pili. Tena, tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Nyumba ikianguka, kompyuta zake zote mbili zaweza kuharibika pamoja. Kwa hiyo familia ya Bukoba yafaa iweke nakala ya tatu mahali pengine, kama vile kwa ndugu aliyeko Muleba.

Maswali

1. Taja tofauti moja kati ya kushirikiana faili na kusawazisha faili.
2. Kwa nini saa za kompyuta mbili ziwe sawa?
3. Katika mfano wa kahawa, kilo ngapi zingepotea? Eleza sababu.
4. Kwa nini nakala ya tatu isikae katika nyumba ileile?